Rwagwa Si Pombe

Kipriani fundi cherehani aliacha pombe kwa namna ambayo watu wengine hununua baiskeli: mji mzima ulijulishwa, na kengele ikawa inapigwa hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kupisha. Ukimpelekea gauni la kupunguza kiuno, utasimuliwa. Ukimwuliza saa, utasimuliwa. Alikuwa na kibaraza chake pale Kibondo mjini, mbele ya duka la Tamimu, na cherehani ilikuwa ikisimama katikati ya pindo ili mwenyewe ainue kidole na kusema, "Huyu unayemwona, mama, alilala mitaroni." Mitaro ilizidi kuongezeka kila alivyosimulia. Kwa makisio ya Pelagia, mitaro aliyolala Kipriani isingeenea Kibondo; mingine ilibidi ikachimbwe Kakonko.

Pelagia aliyasikia hayo kila Alhamisi jioni. Darasa la watu wazima likishaisha, vumbi la chaki likiwa bado linaelea, walibaki watu tisa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Hao ndio walioacha. Aliyewaongoza alikuwa bibi Marguerite, mkimbizi wa mwaka sabini na mbili, mjane ambaye gongo ilimmalizia mume na wana wawili. Hakuwa na maneno mengi bibi yule. Alikuwa na katani. Kila mmoja alipewa kamba nyembamba ya katani, na kila wiki aliyoipita bila kunywa alifunga fundo moja mbele ya wenzake. Aliyekunywa, hata tone, aliwekewa kisu cha kumenyea ndizi juu ya dawati, akaikata kamba yake kwa mkono wake, akaanza nyingine. Hapakuwa na kuzomea wala kupiga makofi. Bibi Marguerite alisema makofi nayo yanalevya.

Kamba za wenzake zilining'inia ukutani kwenye misumari, kila moja na kibandiko chake. Ya Kipriani haikukaa ukutani. Aliitembeza kwenye mfuko wa shati, ncha ikichungulia nje kama mnyororo wa saa, na mafundo yake mia na kumi aliyapapasa mbele za watu kama padri na rozari. Ya Pelagia ilikuwa na mafundo sitini na moja, na hakuna aliyeyajua zaidi ya wale tisa.

Hao, na Mungu, na kidogo Mwamvua.

Mwamvua alikuwa mwenye hoteli ya chakula karibu na stendi, mwanamke wa Ujiji aliyefuata biashara ya kambi za wakimbizi, na ndiye aliyempa Pelagia kazi ya kuosha sufuria wakati hakuna mtu mwingine aliyethubutu kumwachia hata kijiko. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili zake.

"Shoga, fundi wako anakuja," alisema siku moja, akimwona Kipriani akivuka barabara na viatu vilivyong'aa. "Mwanaume huyo ni redio. Hata betri zikiisha anaendelea kukwaruza."

"Si wangu."

"Basi mwambie yeye, maana amevaa kama wako."

Kipriani aliingia, akakaa, akaagiza chai, akaweka kamba mezani kando ya kikombe. "Dada Pelagia," alisema, "mimi na wewe ni ushuhuda unaotembea."

"Mimi natembea kwenda kuteka maji," Pelagia akajibu, akabeba ndoo.

Ndivyo uchumba wao ulivyoanza, kama unaweza kuitwa uchumba. Yeye alihubiri, Pelagia akateka maji. Alimtazama mwanaume yule na akaona kila kitu, kama mtu aliyewahi kuiba anavyomwona mwizi sokoni: jinsi alivyopenda kusikilizwa, jinsi macho yake yalivyotazama kushoto na kulia kabla ya kutoa chozi. Alimdharau kwa moyo wake wote. Na bado, Jumapili zilipofika, alimkubalia kutembea naye baada ya ibada hadi njia panda na kurudi.

Sababu ya kumkubalia iliitwa Ange, na ilikuwa na miaka mitano.

Ange alikuwa Kasulu, kwa kaka yake Pelagia, Pasikali. Miaka miwili nyuma, Pelagia akiwa bado anakaa hukohuko Kasulu, Pasikali alimkuta dada yake amelala katikati ya migomba, mvua inanyesha, chupa ya gongo imebanwa kwapani kama mtoto. Mtoto mwenyewe, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa kando kwenye tope, amelowa hadi mifupa, ameshika jani la mgomba kwa mikono miwili. Alikuwa amemkinga nalo mama yake usoni ili mvua isimwingie mdomoni.

Pelagia hakuliona jani lile. Aliambiwa. Kuna mambo ambayo mtu akiambiwa huyaona vizuri kuliko aliyekuwepo.

Pasikali alimchukua Ange siku hiyohiyo. Na Jumapili iliyofuata, Pelagia alipokwenda kumwomba, alimkuta kaka yake na wazee wenzake wamezunguka chungu cha rwagwa chini ya ukuta wa nyumba, ile pombe ya ndizi ambayo huko kwao kila nyumba inayo. Pasikali alitoa mrija mdomoni ili atoe hukumu.

"Siku nyumba yako itakapokuwa na mtu mzima asiyelewa," alisema, "yaani mwanaume, njoo umchukue mtoto. Mwanamke aliyekunywa hadi kusahau alichozaa hawezi kujishika mwenyewe. Anashikwa." Akarudisha mrija mdomoni, akavuta, akafuta povu.

Wazee wote walitikisa vichwa kwa huzuni, mirija ikitikisika pamoja navyo.

Basi Pelagia aliondoka Kasulu, akaenda Kibondo ambako watu hawakumjua, akaacha pombe bila mume. Lakini Pasikali hakuhesabu mafundo. Kila baada ya miezi miwili Pelagia alipanda lori kwenda kumwona mwanawe, na kila mara mambo yalikuwa yaleyale. Ange alitoka nje, akasimama mbali kidogo. Halafu akaja taratibu, akamshika mama yake mashavu, akasogeza pua hadi mdomoni, akanusa. Akanusa tena. Ndipo alipokubali kubebwa.

Hakufundishwa na mtu. Alijifundisha mwenyewe, kama mtoto anavyojifunza kuutambua moto.

Siku zote mbili za kukaa Kasulu Pelagia aliulinda mdomo wake kama watu wanavyolinda sanduku la sadaka. Hata maziwa ya mgando hakuyagusa, yasije yakanuka vibaya.

"Mwananje, mwanangu," bibi Marguerite alimwambia, alipogundua habari za fundi, "mtu aliyeacha pombe akikimbilia penzi, amebadilisha kibuyu tu. Kiu ni ileile."

"Sina kiu naye, bibi. Hata kidogo."

"Ndiyo mbaya zaidi. Unakwenda kunywa kitu usichokitaka?"

"Nakwenda kumchukua mtoto."

Bibi alisokota katani kwenye paja. "Unamheshimu?"

Pelagia alicheka. Ndilo lilikuwa jibu, na wote wawili walilielewa.

Mwamvua yeye hakuzunguka. "Olewa, chukua mtoto, mwache fundi aongee na cherehani. Wengi tumeishi hivyo." Akafikiri kidogo. "Ila huyu ataongea hata usingizini, shoga. Jiandae na pamba za masikio."

Kiangazi cha mwaka tisini na nane, barabara ilipopitika tena baada ya ile mvua iliyozoa madaraja, Kipriani alitangaza kwamba atapeleka posa kwa Pasikali. Wazazi wake walikuwa wa Kasulu pia, na mambo yangefanyika kwa heshima, mbele ya watu. Alipenda sana yale maneno mawili ya mwisho.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwa Waha posa haizungumzwi kwa midomo mikavu. Upande wa mwanaume huja na vyungu. Wazee wakishasema ya kwao, msichana huitwa. Mwanaume huvuta mrija kwanza, kisha humpa yeye. Akivuta, amekubali, na vigelegele vinapigwa. Akilaza mrija juu ya mdomo wa chungu, amekataa. Hapana njia ya tatu. Neno lake haliulizwi. Koo lake ndilo linalojibu.

"Mimi sivuti rwagwa," Pelagia alimwambia waziwazi, wamesimama njia panda. "Chungu chetu wawili kiwe cha umutobe."

Umutobe ni yale maji matamu ya ndizi mbivu siku yanapokamuliwa. Hata mtoto mchanga hulambishwa. Ukiyatia mtama uliokaangwa na kusagwa, ukayafunika siku tatu, ndipo yanapogeuka kuwa rwagwa. Kwa macho huwezi kutofautisha vizuri. Kwa hiyo heshima ya wazee ingelindwa, na mafundo sitini na moja pia.

"Umutobe," Kipriani alisema, mkono kifuani, juu ya kamba. "Nitatangulia mwenyewe Jumatano, nisimamie. Ndizi zitakamuliwa Jumamosi jioni, Jumapili mchana tunakunywa. Naapa kwa aliyenitoa mtaroni."

"Mtaro upi?"

"Yote," akajibu, na Pelagia akashindwa kujizuia kutabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza. Kipriani alilichukua tabasamu lile kuwa penzi, akaliweka mfukoni pamoja na kamba.

Jumamosi Pelagia alishuka Kasulu na kitenge kipya alichoshonewa na mchumba wake, kimebana mabegani kwa sababu fundi alikuwa anasimulia wakati wa kupima. Ange alitoka nje, akasimama mbali. Akaja. Akanusa, akanusa tena.

"Kesho utakwenda na mimi Kibondo," Pelagia alimnong'oneza, mtoto akishakaa mgongoni. "Kuna kitanda. Kuna dirisha. Shangazi Mwamvua amekuwekea kikombe chekundu."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo wapi tena?"

"Hujalala?"

Pelagia alimpandisha vizuri mgongoni. "Sijalala," alisema.

Jumapili baada ya ibada, wageni walifika kwa mstari, wanawake wakibeba vyungu vimezibwa kwa majani ya mgomba, mbele yao Habonimana, baba mkubwa wa Kipriani, mzee mfupi mwenye koti la majira yote. Walisalimiana kwa makofi na magoti, mwakeye, mwakeye, kama inavyopasa. Pasikali alipokea kama gavana. Alivaa tai. Kwa muda wa saa nzima wazee walizungumza juu ya ng'ombe ambaye hakuna aliyemwona, na njia iliyopotea, na ua walilosikia limechanua katika boma hili. Ua lenyewe lilikuwa jikoni linamenya ndizi na wifi yake, Dorcas.

"Unamtaka?" Dorcas aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa miaka miwili ndiye aliyemwogesha Ange.

"Ni mwanaume asiyelewa," Pelagia alisema. "Si ndicho alichotaka kaka?"

"Kaka yako." Dorcas alirusha ganda nje. "Kaka yako jana alikojoa kabatini."

Hawakupata muda wa kucheka. Jina la Pelagia liliitwa.

Alitoka na sinia la ndizi na kisu cha kumenyea, Dorcas nyuma yake, akapiga magoti penye mkeka. Katikati paliwekwa chungu kidogo, chao wawili, na mrija mmoja mpya. Kipriani alikuwa ameketi amevaa suti aliyojishonea, kamba imening'inia mfukoni kwa unyenyekevu mkubwa. Ange alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Kijana, fungua njia," Habonimana alisema.

Kipriani aliinama, akavuta.

Pelagia alimtazama. Mashavu yalibonyea. Koo lilipanda na kushuka mara nne bila kupumzika. Na macho, polepole, yakafumba. Hakuna mtu duniani aliyewahi kufumbia macho umutobe. Kufumba kule alikujua. Alikuwa amekufanya yeye mwenyewe mara elfu. Ni kufumba kwa mtu anayefika nyumbani.

"Karibu, mchumba," Kipriani alisema, akimwelekezea mrija.

Harufu ilimfikia kabla ya mrija: ndizi iliyochacha, mtama ulioungua kidogo, na ule ukali mwembamba unaopanda puani na kufungua milango yote iliyofungwa. Mdomo wake ulijaa mate papo hapo. Mwili hauna aibu. Mwili ulimwambia: mrija mmoja tu, ni mila, ni kwa ajili ya mtoto, nani atakulaumu? Mwili ulikuwa na hoja nzuri kuliko Kipriani.

"Hii imekamuliwa lini?" aliuliza.

"Jana," Kipriani alisema.

"Jana ya wapi?"

Mzee mmoja alicheka kwa pua. Kipriani alisogea karibu, akapunguza sauti, na pumzi yake ikathibitisha yaliyobaki. "Alhamisi. Sikiliza, baba mkubwa alikataa. Alisema mtoto wa kiume hawezi kuposa kwa kinywaji cha watoto wachanga, tutachekwa hadi Munanila. Ningefanyaje? Nilijua wewe ni mwelewa."

"Uliniapia."

"Niliapa, ndiyo. Lakini tusidanganyane, Pelagia. Rwagwa si pombe. Pombe ni gongo. Sisi tuliacha gongo. Rwagwa ni... ni chakula. Ni heshima."

"Tangu lini imekuwa chakula?"

"Siku zote."

"Nakuuliza wewe. Umeanza lini kuila?"

Kipriani alitazama kushoto na kulia, kama alivyotazama siku zote kabla ya kutoa chozi. "Kidogo tu. Jumapili. Nikitembelea watu."

"Na fundo unafunga Alhamisi."

"Fundo ni la gongo!"

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na uwanja mzima ukasikia. Mafundo mia na kumi, Pelagia aliwaza. Miaka miwili mtu huyu amesimama mbele ya watu tisa waliokuwa wakitetemeka, wanaouma midomo, wanaopita njia ndefu ili wasikutane na kilabu, akawafundisha kuacha. Na yeye hakuacha chochote isipokuwa kulipia chupa.

"Pelagia!" Pasikali aliita, tai imepinda. "Wazee wanangoja. Vuta mara moja tumalize. Leo ndiyo unajifanya hujui kuvuta? Wewe uliyekuwa unavuta bila kuombwa?"

Kicheko kilizunguka mkeka wote. Kilikuwa kicheko cha watu wenye mirija mkononi.

Pelagia aliinua macho kutafuta mahali pa kuyaweka, yakaangukia mlangoni. Ange hakuwa anacheka. Hakuwa hata anamwangalia mama yake machoni. Alikuwa anaangalia mdomo wake. Alikuwa ametoa kidole, amesimama wima, anangoja kuona mrija utakwenda wapi, kwa subira ya mtu mzima aliyeona mvua ikianza na hana jani.

Na hapo hesabu yote ya Pelagia ikapinduka. Alikuwa amefikiri mrija ule ndio mlango wa kumpata Ange. Akavuta, akawa mke, akapewa mtoto. Lakini mtoto angepewa pamoja na pua yake. Angekabidhiwa Ange jioni hiyohiyo, na mtoto angemshika mashavu, na angenusa.

Aliweka sinia chini, akachukua kisu cha kumenyea, akakiweka juu ya jani mbele ya Kipriani, mpini ukimwelekea.

"Toa kamba yako," alisema.

"Nini?"

"Kwetu aliyekunywa anakata mwenyewe. Kata. Ukikata, sitakunywa, lakini nitawaambia wazee hawa wangoje mwaka, nami nitakungoja." Na alimaanisha, hilo ndilo lililomshangaza mwenyewe baadaye. Kama mwanaume yule angekata kamba pale, angemheshimu kwa mara ya kwanza, na heshima ni mbegu, huota hata kwenye jiwe.

Kipriani aliweka kiganja juu ya mfuko kana kwamba wanataka kumtoa figo. "Hapa? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndiko ulikozoea."

Alikitazama kisu. Akawatazama wazee. Akamtazama baba yake mkubwa. Kwa nukta chache uso wake ulilegea, na chini ya yale mahubiri yote Pelagia alimwona mtu mwingine, mdogo, mwenye hofu, ambaye pengine kweli aliwahi kulala mtaroni, hata mmoja. Karibu amwonee huruma. Ndipo Kipriani alipokohoa, akanyoosha koti, akasema kwa sauti yake ya Alhamisi: "Wazee wangu, mnaona majaribu yanayompata mtu aliyeokoka?"

Basi. Pelagia alichukua mrija, akaulaza juu ya mdomo wa chungu.

Mwanamke mmoja alishika kichwa. Habonimana alisimama, akakaa, akasimama tena. "Amelaza! Mtoto wa migombani amelaza mrija! Mlevi anatukataa sisi?"

Pasikali alikuja mbio hadi penye mkeka, akinuka kama chungu chenyewe. "Umenifedhehesha. Sikia basi: mtoto hutoki naye. Nilisema mume. Huna mume, huna mtoto. Rudi Kibondo ukaoshe masufuria."

Pelagia alimgeuzia mgongo. Alikaa chini, palepale vumbini na kitenge chake kipya, akanyoosha mikono. "Ange. Njoo unuse."

Mtoto alikuja. Watu walimpisha, wasijue anakuja kufanya nini. Alimshika mama yake mashavu. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu zaidi, macho yamekazwa kama ya karani wa mizani.

"Hanuki," alisema.

Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa utaratibu, asiyependa kazi ya nusu, alimgeukia Kipriani aliyekuwa ameinama kuokota ncha ya kamba yake, akanusa hewa ya karibu naye. "Huyu ananuka." Akainua uso kwa Pasikali. "Na mjomba ananuka. Mjomba ananuka kila siku."

Kicheko kikatoka nyuma, kikavu, cha mtu asiyezoea: Dorcas, kiganja kimefunika mdomo. Alipomaliza aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha nguo za mtoto, kidogo mno, kimefungwa vizuri mno kwa kitu kilichofungwa dakika ile.

"Dorcas, rudisha hiyo ndani," Pasikali alisema.

"Ulisema nyumba yenye mtu mzima asiyelewa," mkewe alijibu. "Miaka miwili nimemtafuta hapa kwetu mwanaume huyo. Nionyeshe alipo, nirudishe."

Pasikali aliwatazama wenzake wamsaidie, lakini wenzake walikuwa na jambo zito zaidi. Kwa mila, mrija ukishalazwa, vyungu vilipaswa kurudi vilivyokuja. Lakini vingine vilikwisha funguliwa, na kubeba rwagwa iliyofunguliwa njia nzima ni kuimwaga. Walijadili. Walikohoa. Hatimaye Habonimana aliamua kwamba aibu ya kurudi navyo ni kubwa kuliko aibu ya kukataliwa. Posa ilikufa mchana ule, na matanga yake yakanywewa hapohapo. Pasikali alisimama kidogo katikati ya uwanja, akasema, "Atarudi analia, mtaona," kisha akaenda kukaa. Alikuwa na mrija wake.

Kipriani naye alivuta kiti karibu. Kwa majonzi, alisema.

Pelagia alimfunga mwanawe mgongoni, ingawa kwa miaka mitano miguu ilikuwa imeshaanza kuburuza. Dorcas aliwasindikiza hadi barabarani. Hapo alimnyoosha Ange kola, akaikunjua, akainyoosha tena, akageuka upesi akarudi.

Alhamisi, watu tisa walikaa kwenye madawati ya watoto, na wa kumi, Ange, ndiye pekee ambaye dawati lilimtosha. Kipriani alifika amechelewa, viatu vinang'aa, akasimama kabla hajaombwa. Alikuwa na ushuhuda mpya. Ulihusu mwanamke mmoja wa mji ambao hatautaja, aliyemjaribu mbele ya wazee wake, na jinsi alivyosimama imara. Ulikuwa mrefu. Ulikuwa na mtaro ndani yake. Bibi Marguerite alimsikiliza hadi mwisho, akasema "Ego," yaani ndiyo, kisha akatoa kisu cha ndizi, akakiweka juu ya dawati mbele ya fundi, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni kijiko.

Kipriani alikitazama. Akaanza kusimulia tena kutoka mwanzo.

Hawakumngoja. Mmoja mmoja walitungua kamba zao ukutani na kufunga. Zamu ya Pelagia ilipofika, alipindisha katani, akapitisha ncha, akamgeukia mwanawe.

"Kaza," alisema.

Vidole vya Ange vilikuwa vidogo, na katani ni ngumu. Alijaribu mara moja, mara mbili. Kisha akainama, akaikamata ile ncha kwa meno, akavuta.